Mwalimu Aliyetaka Kuukalisha Mto

Mwalimu hakuweza kuona maji yakikimbia akayaacha. Mvua ikitukuta njiani, sisi wengine tukiharakisha kutafuta baraza la mtu, yeye alikuwa anainama. Aling'oa majani ya kando ya njia, akayasokota, akayalaza mahali ambapo maji yalikuwa yameanza kuchora mstari kwenye udongo, akayakanyaga kwa kisigino, na ndipo akakumbuka kwamba analowa. Niliwahi kumngoja hivyo tukienda mazikoni. Jeneza limetutangulia, padri ametutangulia, na yeye amechuchumaa katikati ya njia na kaunda suti yake ya kijivu, anaziba kimfereji chembamba kama kidole. Nilipomwambia tunachelewa, alijibu kwamba marehemu hana haraka, udongo ndio wenye haraka.

Naandika habari zake kwa sababu waliozaliwa baada ya mafuriko wanamjua kwa jambo moja tu, na waliosoma kwake wanamtetea kwa mambo mengine yote. Mimi nilikuwa jirani yake kwa miaka mingi, nikiwa katekista wa kigango chetu, na ua wangu ulipakana na zizi lake la mbuzi. Naona haki ni kuyasema yote. Siyasemi kwa upendo mwingi. Nimeomba sana niondolewe kinyaa nilicho nacho juu ya mambo haya, na Mungu, ambaye amenipa mengi nisiyostahili, hilo bado hajanipa. Kwa yale mengine namshukuru, na kwa hili nangoja.

Alikuwa Mmatengo wa Matiri, na sisi wa hapa wengi ni Wanyasa. Kijiji chetu kiko pale mto unapotoka milimani na kuanza kutambaa kwenda ziwani. Ukitoka asubuhi kwa miguu, unaweza kufika Liuli jua likiwa la utosi. Serikali ilimleta kufundisha shule ya msingi, akafundisha mpaka akastaafu, wala hakurudi kwao. Hata hivyo hakukubali kamwe kwamba amekuwa mtu wa kwetu. Ugali wa muhogo aliula akiwa mgonjwa tu, kama dawa. Samaki alimla akiwa amekatwa kichwa, kwa kuwa alisema hapendi kutazamwa na chakula. Alitutania kwamba Mnyasa hulima kwa macho, huku amekaa, akilisubiri ziwa limletee kitoweo.

Nasi tulimrudishia. Aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wote ni Mama Fides, mjane wa mvuvi. Krismasi moja, watu wakiwa wamekaa nje ya kanisa wanakula, aliwaambia kwamba Mmatengo ukimpa meza atachimba shimo katikati yake ili chai isimwagike. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema kwa sauti yake ya darasani, "Na haitamwagika."

Huo ulikuwa utani wa ngolo. Kwa msomaji ambaye hajafika milima ya Mbinga nitaeleza. Wamatengo hulima kwenye miteremko ambayo hata mbuzi huishuka kwa tahadhari. Hufyeka nyasi, huzilaza kwa mistari inayokatana mpaka shamba lote linakuwa miraba, kisha huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuutupa juu ya zile nyasi. Nyasi zikioza, panabaki matuta mazuri yaliyozunguka mashimo, na ukilitazama shamba kutoka ng'ambo linafanana na sega la nyuki. Mvua ikinyesha, maji hayateremki. Hukaa ndani ya mashimo, ardhi ikayanywa polepole, na udongo uliotoroka tuta la juu hunaswa na shimo la chini. Wazee wao walilima hivyo, na milima ile bado ina udongo. Sijui wangapi katika nchi hii wanaweza kusema hivyo juu ya milima yao.

Mwalimu aliifundisha ngolo kama sisi tunavyofundisha Katekisimu. Shamba la shule lilikuwa mteremkoni, nyuma ya madarasa, na kila mtoto alikuwa na mraba wake. "Maji hayafukuzwi," alikuwa akiwaambia, "maji yanakalishwa." Mtoto ambaye tuta lake lilibomoka aliteremka na karai mpaka bondeni, akaupandisha ule udongo wote uliomtoroka, akiimba jedwali la kuzidisha. Wanangu walipitia adhabu hiyo na wanaikumbuka kwa kicheko. Lazima niseme ukweli kwamba shamba lile halikupata hata korongo, mvua baada ya mvua, na wageni walikuja na magari ya serikali kulitazama.

Alichukia uchafu. Alinawa mikono kabla ya kukupa mkono, na akanawa tena baada ya kukupa, bila kujificha, akikueleza kwamba si dharau. Alichukia uongo pia. Katika mitihani alizunguka kati ya madawati na viatu vya raba ili asisikike. Lakini binti wa Mama Fides alipokwama kujifungua, na mtumbwi wenye mashine haukuwepo, ni Mwalimu aliyempakia kwenye baiskeli yake na kuisukuma njia nzima mpaka hospitali ya Liuli. Alirudi kesho yake na damu kavu kwenye suruali, wala hakulizungumzia. Mtoto yule yu hai. Nikimtazama kanisani, hasira yangu hukosa pa kukaa kwa muda.

Mkewe alitoka naye Matiri. Tulimwita Mama Mwalimu, na sidhani wengi walijua jina lake jingine. Alikuwa mpole, mwenye kusikia kuliko kusema, na mimi alininyooshea bakuli la maharage juu ya ua wetu kila alipopika mengi. Alipofariki, Mwalimu alichagua mwenyewe mahali pa kumzika. Makaburi yetu yalikuwa kwenye ukingo wa mto, pale unapopinda, mahali palipoinuka kidogo penye miti ya misufi. Alichagua upande wa mwisho, karibu na maji kuliko wengine wote, kwa sababu alisema udongo wa pale ni mwekundu na hauteremki. Alichimba na vijana bega kwa bega. Baadaye alilizungushia kaburi tuta la majani na udongo, mraba mzuri wenye pembe sawasawa, na kila Jumamosi alikwenda kulipalilia. Nilimwona mara nyingi akiwa amekaa pale, anaongea. Sikuwahi kukaribia kusikia.

Basi mtu huyo ndiye aliyeuza mto.

Zamani hakuna aliyenunua kokoto kwetu. Aliyejenga alikwenda mtoni na wanawe, akabeba mawe ya msingi, na mto haukujua kama ameondoa kitu. Zilipokuja siku za ruksa, kila mtu akawa na mradi. Chama cha ushirika kilikuwa kimelala, wanunuzi binafsi wa kahawa walipanda milimani na fedha mkononi, na Mbinga mjini nyumba za matofali zikaota. Barabara nazo zikaanza kutengenezwa. Mfanyabiashara mmoja wa mjini akateremka na lori, akaushika mchanga na changarawe za mto wetu, akazichekecha kiganjani kama mtu anayepima mchele, akaenda kuzungumza na mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti akamkumbuka Mwalimu, ambaye alikuwa amestaafu na anazunguka kijijini akiziba vimfereji vya watu, akampa usimamizi wa machimbo.

Wanasema alikula fedha. Labda alikula, sijui, na nyumba yake haikubadilika. Ninavyoona mimi, alichotaka ni kupiga filimbi tena, kama shuleni.

Maana filimbi aliipiga. Aliyachukua machimbo na kuyafanya shule. Asubuhi wachimbaji walipanga mstari, wanaume wenye wake na watoto, wengi wao wanafunzi wake wa zamani, wakaitwa majina na kuitika "Nipo, Mwalimu." Aliyechelewa alipigishwa magoti juu ya changarawe. Nilimwona baba wa familia, mwenye ndevu, amepiga magoti pale na sururu yake mbele yake, na wenzake wanamcheka, naye pia anacheka. Nilipita bila kusalimu.

Na jambo ambalo mgeni hawezi kulifikiria ni kwamba Mwalimu aliwafundisha kuchimba mto kwa ngolo. Hakuruhusu mtu kuchimba ovyo. Alinyoosha kamba, akagawa ukingo wa mto na sehemu ya mkondo wake kwa miraba, akaamuru kila genge lichimbe katikati ya mraba wake na kuacha matuta ya changarawe kuzunguka. Alisema mvua zikija, mto utaingia shimoni, utakaa, utatua mzigo wake wa mawe na mchanga, na kutoka ukiwa mtulivu. Mashimo yatajazwa upya, ukingo utapumzika, na wachimbaji watarudi kuvuna tena. Alikuwa anaamini. Hilo ndilo linalonichosha mpaka leo. Mwizi ningejua namna ya kumchukulia.

Msimu wa kwanza alishinda. Mvua zilikuwa za kawaida, mto ukapanda kidogo na kushuka, na mashimo yakakutwa yamejaa changarawe mpya, safi, kama alivyosema. Alisimama pale na kaunda suti yake, akamwita kila mpita njia aje aone. Mimi pia aliniita. Nilitazama, na kweli yalikuwa yamejaa.

Baada ya hapo malori yaliongezeka mpaka tukazoea kulala na kuamka na vumbi lake. Mashimo yalikwenda chini. Ya juu, yaliyokuwa mbali na mkondo, hayakujazwa tena. Yalibaki na maji ya kijani yenye utando wa dizeli, kwa kuwa madereva walioshea magari humo na utingo wakajisaidia humo humo. Wanawake waliokuwa wakichota maji mtoni walilazimika kupanda mbali. Mbu waliongezeka hata mchana. Mbuzi wa mtu alizama akavimba, akakaa pale siku kadhaa bila mwenyewe kujitokeza, kwa sababu kila mmoja alimngoja mwenzake amtoe. Mwalimu yule aliyenawa mikono kabla ya kusalimu alipita kando ya uozo huo akihesabu pembe za miraba kama ziko sawa.

Wanawake walikaa chini ya vibanda vya nyasi wakiponda mawe kuwa kokoto. Huzungushia jiwe kipande cha mpira wa tairi ili vipande visiruke machoni, kisha hugonga kwa nyundo kutwa nzima. Mama Fides alikuwa mmoja wao. Mumewe alizikwa katika makaburi yale yale, na kutoka pale alipokaa aliuona msalaba wake. Nilimuuliza kama haogopi. Aliendelea kugonga. Alisema, "Katekista, nikiogopa wajukuu watakula woga?" Halafu akaniomba nisogee, namzibia mwanga.

Mwenye lori akaleta kokoto za bure kwa ajili ya sakafu ya kanisa letu. Wazee wa kigango walikaa, nikasema tusizipokee, wakanisikiliza kwa heshima, wakazipokea. Ni sakafu imara. Kila Jumapili napiga magoti juu yake.

Kilichonipeleka kwa Mwalimu hatimaye ni makaburi. Miraba ilikuwa ikiteremka na mto, safu baada ya safu, na safu iliyofuata ingekuwa chini ya ukingo wenye makaburi, kwenye pindo, pale mto unapopinda. Nilimkuta barazani anachonga vigingi vya kamba yake. Akanawa mikono, akanipa mkono, akanawa.

Nikamwambia nimekuja kwa habari ya marehemu wetu.

"Wamefanya nini?" akauliza.

"Mnawakaribia, Mwalimu."

"Tunakaribia kuwalinda." Akachukua kigingi, akachora mto kwenye vumbi, akachora miraba, akaonyesha maji yanavyoingia na kukaa. Ulikuwa mchoro mzuri. "Pindo ndilo linalopigwa na maji. Tukiweka mashimo pale, maji yatachoka kabla ya kufika ukingoni. Mtakuja kunishukuru."

Sikuwa na mchoro wa kwangu. Sikujua mto zaidi yake. Nilikuwa na hofu tu, na hofu haichoreki. Nilimwomba kitu kimoja. Safu ya pindo iachwe mpaka mvua za mwaka ule zipite, tuone. Basi.

Alikichomeka kigingi chini. Kisha akasema, "Mke wangu yuko pale. Unadhani naweza kumchezea mke wangu?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako wala sikwenda kwa mwenyekiti."

"Haya, Katekista. Pindo halitaguswa mpaka mvua zipite. Nimekuahidi."

Tulipeana mikono juu ya hilo. Siku hiyo alisahau kunawa, nami nililichukua kama dalili njema. Nikaenda zangu nikimshukuru Mungu.

Muda mfupi kabla ya mvua nilikwenda Mbinga kwenye mafungo ya makatekista. Niliporudi, nilipita makaburini kwanza, kama ilivyokuwa desturi yangu. Chini ya ukingo, kwenye pindo, kulikuwa na safu mpya ya mashimo. Miraba imenyooka, matuta yamepigwa na beleshi mpaka yakang'aa. Vijana waliniambia kwamba malori ya barabara yalikuja kwa haraka, kokoto za kule juu zilikuwa zimechanganyika na udongo, na mkandarasi alitaka safi. Zile za pindo ndizo zilizokuwa safi.

Nilimkuta Mwalimu pale pale, na filimbi shingoni. Nikamuuliza ameifanyia nini ahadi yake. Hakutahayari. Alisema aliniahidi kuwalinda marehemu na amewalinda, tena mapema, kabla mvua haijawakuta. Akasema nitazame matuta yalivyonyooka. Watu walikuwa wanatusikiliza. Nilikuwa kama mtu aliyetafuna dagaa aliyeoza na hana pa kutemea. Nikarudi nyumbani. Tangu siku ile bakuli la maharage lingepita juu ya ua ule, nisingelipokea. Lakini aliyekuwa akilipitisha alikuwa ndani ya ardhi, karibu na maji.

Mvua zilipokuja hazikuwa za kutisha. Nasema hivyo kwa sababu wengine sasa wanasema yalikuwa mafuriko ya ajabu, mkono wa Mungu. Mungu hakuhusika kama wanavyotaka ahusike. Mlimani ilinyesha kwa siku kadhaa mfululizo, kama ilivyowahi kunyesha zamani, na mchana mmoja mto ukaja umevimba, mwekundu, umebeba migomba na magogo. Tulitoka tukasimama mahali palipoinuka.

Maji yaliingia shimo la juu kabisa, na kwa kitambo kidogo yalikaa. Nakumbuka mtu mmoja nyuma yangu akisema, "Yametulia." Kisha tuta likaenda. Halikuwa tuta la udongo na nyasi, lilikuwa changarawe tupu, na lilitawanyika kama sukari kwenye chai. Yale maji yaliyokuwa yamekaa yakaangukia shimo la pili pamoja na yale yaliyokuwa yanakuja, na tuta la pili likaenda upesi zaidi. Miraba yote ile, iliyopangwa safu kwa safu kuelekea chini, ilifunguka mmoja baada ya mwingine, na mto ukaacha njia yake ya zamani ukaifuata hiyo mpya, ambayo ilikuwa imenyooka, yenye kina, na inaelekea makaburini moja kwa moja.

Ukingo haukuporomoka kwa kelele. Ulikatwa chini, ukaning'inia, halafu vipande vikashuka na miti yake imesimama wima. Kaburi la Mama Mwalimu lilikuwa la kwanza. Tuta lake la majani, mraba ule wenye pembe sawasawa, lilishuka zima zima, likazunguka mara moja juu ya maji, likazama. Waliofuata sitawataja. Jamaa zao wako hai na wanasoma.

Maji yalipopungua tulikwenda kuokota. Hatukuwa na vitu vya heshima vya kutosha, kwa hiyo tulitumia mifuko ya mbolea, ile iliyobaki tangu enzi za ushirika, yenye maandishi makubwa ya bluu. Tuliweka mifupa ya Wakristo ndani ya mifuko ya mbolea. Mbao za majeneza zilikuwa zimekwama kwenye vibanda vya kuponda kokoto, rozari ya mtu imejisokota kwenye kipande cha tairi, na harufu ilikuwa ya matope na mafuta ya magari na kitu kingine. Mbwa walikuwa wametutangulia. Mimi nimezika watu wengi na sikuwahi kutapika mazikoni mpaka siku ile.

Mwalimu alikuja na kamba yake. Akapima upana wa kipande cha tuta kilichosalia, kimoja tu, upande wa chini. Akasema kwa sauti ya kawaida kwamba genge lililochimba pale halikufuata kipimo; tuta lilikuwa jembamba. Kama wangefuata kipimo lingeshika.

Mama Fides alikuwa ameshika mfuko ambao alijua, au alitaka kujua, kwamba una mifupa ya mumewe. Ulimlemea. Alimwendea Mwalimu akasimama mbele yake.

"Shika upande huo," akamwambia.

Mwalimu alitazama mfuko, akatazama mikono yake, akairudisha nyuma mgongoni. Alisema anatafuta maji ya kunawa kwanza.

"Maji si hayo?" akasema Mama Fides, na akaubeba peke yake.

Tulizika upya wale tuliowapata, kilimani, mbali na mto, katika kaburi moja refu. Mama Mwalimu hakupatikana. Mwalimu alikwenda kukaa kwa binti yake Mbinga mjini, na filimbi ikachukuliwa na mtu mwingine, ambaye hakuwa na habari na miraba. Huyo alichimba popote. Mto sasa ni mpana mno kuliko zamani, mawe matupu, maji yakijigawa vijito vijito kati yake, na kila masika unakula shamba la mtu mwingine. Malori hayajakoma. Kila linapopita najikuta nimeziba pua, hata kama halinuki.

Nilimwona tena baada ya miaka. Alikuja kwa miguu kutoka kituoni, amezeeka, kaunda suti imekuwa kubwa kwake. Watoto walimwamkia shikamoo bila kujua ni nani. Tulikaa barazani kwangu, nikampa maji ya kunawa kabla hajaomba, na tukazungumza habari za magoti na za macho. Alikuwa amekuja kwa jambo moja. Alitaka nimsomee mkewe sala za maziko, mtoni, kwa kuwa katika lile kaburi la kilimani hayumo.

Nilimwambia akamwombe padri. Alisema padri ni kijana, hakumjua. "Wewe ulikula maharage yake," akasema.

Sikupenda kwenda, lakini nilikwenda. Nilivaa kanzu yangu ya ibada nikachukua kitabu. Hatukujua pa kusimama, maana mahali penyewe pako hewani sasa, juu ya maji. Tulisimama kwenye mawe, tukatazama pale ambapo pindo lilikuwa. Mwalimu alivua kofia. Nilisoma taratibu, naye aliitikia vizuri, kila neno mahali pake, na nilipofika kwenye jina la mkewe, lile ambalo wengi hawakulijua, niliona anatetemeka kidevu. Nilifikiri kwamba labda leo. Labda leo Mungu ananiondolea kile kinyaa, na pengine alimleta mzee huyu kwa ajili yangu na si kwa ajili ya marehemu.

Lori lilishuka nyuma yetu likazima. Dereva kijana akateremka, akasimama mbali kidogo kwa adabu, kisha akaona anacheleweshwa akasogea. Alimwamkia Mwalimu shikamoo. Alisema samahani, ameambiwa na wale vijana wa juu kwamba yeye ni mzee wa machimbo wa zamani, na ndiye anayejua mahali penye kokoto safi, zisizo na udongo.

Sikugeuka. Nilikuwa nimebakiza sala ya mwisho, na niliisema kwa sauti ili asikie kwamba hatujamaliza. "Raha ya milele umpe, ee Bwana."

Nikangoja aitikie. Nilisikia mawe yakisogea chini ya viatu vyake, kisha sauti yake ya darasani, safi kama zamani, ikimwambia dereva kwamba pale aliposimamisha lori ni mchanga mtupu, arudi nyuma, aje upande huu wa pindo, hapa hapa tulipo, achimbe chini kidogo, atazikuta.

Nikaitikia mwenyewe.